Kuandika taarifa ya shehia: anza na udongo, wazee baadaye

Taarifa nyingi za historia ya shehia (eneo dogo la utawala Zanzibar, chini ya sheha) zinazozunguka kwenye simu huanza na "inasemekana mwanzilishi wa mji huu alikuwa…" na huishia papo hapo. Wewe anza na visivyobishaniwa: udongo, maji, njia na diko (mahali vinapofikia vyombo vya baharini). Watu wa kale walikaa palipokuwa na kisima, kwa hiyo ukishakijua kisima umeshaijua nusu ya historia.

Mipaka kwanza. Kaa na sheha, andika mkoa, wilaya, kisha mitaa na viambo kwa majina wanayoyatumia wenyeji. Usiandike "Chwaka" ukanyamaza, maana iko ya Unguja, Wilaya ya Kati, na iko ya Pemba karibu na Tumbe. Kizimkazi nayo ni mbili, Dimbani na Mkunguni.

Chukua majira ya ramani (latitudo na longitudo) kwenye simu ukiwa umesimama mahali palipo wazi, kando ya msikiti au skuli. Tarakimu nne baada ya nukta zinatosha. Ile ya nne ni kama mita 11 ardhini. Kosa la kila siku ni alama ya kutoa. Visiwa vyetu viko kusini mwa ikweta, kwa hiyo Kizimkazi ni kama -6.4, 39.5. Ukiisahau ile alama, mji wako umehamia kusini mwa Ethiopia. Ukizigeuza namba, ya pili ikatangulia, umeupeleka Hispania.

Udongo uandike kwa majina yake: kichanga, kinongo, kinamo, uwanda. Chimba kwa mtarimbo mahali panne tofauti, uandike umepiga jiwe kwa sentimita ngapi. Upande wa magharibi wa Unguja, na sehemu kubwa ya Pemba yenye vilima na mabonde, utashuka sana bila ya kulikuta. Mashariki na kusini mwa Unguja mara nyingi hufiki mbali. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini huku mikarafuu na mpunga, na kule watu wanalima kwenye mifuko ya udongo baina ya mawe na kuitegemea zaidi bahari.

Kisima kipime kwa kamba na jiwe. Unataka vipimo viwili: ardhi hadi maji, na ardhi hadi chini kabisa. Wengi hupima kuanzia juu ya ukuta wa saruji halafu wakasahau kuutoa. Kamba ikisoma mita 6.20 na ukuta una sentimita 80, jibu ni mita 5.40. Kisima cha pwani kipime siku ya bamvua (maji makubwa ya bahari), maji yakijaa na tena yakipwa, kwa sababu jiwe la matumbawe lina vitundu na maji ya chini yanapanda na kushuka na bahari. Onja pia. Maji ya chumvi yana tarehe yake: waulize wanaoteka yalianza lini kugeuka.

Sasa mawe yaliyoandikwa. Kupata mwaka wa Miladi, mwaka wa Hijria uzidishe kwa 0.97, halafu jumlisha 622. Kwenye kibla cha msikiti wa Kizimkazi Dimbani umechongwa mwaka 500: 500 mara 0.97 ni 485, ukijumlisha 622 unapata 1107. Hesabu hii inaweza kupotea kwa mwaka mmoja, maana mwaka 500 ulianza 1106 ukamalizikia 1107. Mwezi ndio unaoamua. Hapo ni Mfunguo Pili (Dhulqaada), yaani Julai 1107. Lakini usiandike kuwa msikiti wote ni wa zama hizo. Sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya karne ya 18, na mwaka 1184 Hijria nao umeandikwa humo (piga hesabu mwenyewe). Maandishi yapige picha asubuhi, jua likija ubavuni, ili kivuli kiyatoe. Usiyasugue kwa chaki wala usiyamwagie maji. Kwenye magofu kama ya Pujini au Ras Mkumbuu, Pemba, usichimbe hata kidogo. Kigae kikishatoka mahali pake hakisemi tena kitu.

Vijiji vingi vya Ujerumani huhesabu umri wao tangu hati ya kwanza kuvitaja. Kwetu hati ni chache, lakini zipo: nenda Nyaraka za Taifa, Kilimani, na utafute kwa tahajia za zamani pia, kama "Chaki Chaki" na "Weti". Kutajwa mara ya kwanza si kuanza kwa mji.

Wazee wafuate ukishazunguka, sio kabla, ndipo utakapokuwa na cha kuuliza. Usimuulize mtu mwaka. Bibi akikwambia kisima kilichimbwa zamani, mwambie: "Bibi, Sayyid Khalifa alikuwa hai?" Sultani huyo wa Zanzibar alifariki 1960. Halafu: "Ilikuwa kabla ya eka tatu tatu au baada?" Ugawaji ule wa ardhi, eka tatu kwa kila aliyepewa, ulianza 1965, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Akikutajia rupia, fedha ya zamani, ni dalili ya kabla ya 1936, ila ni dalili tu. Watu waliendelea kulitumia jina. Na mtu wa Unguja akikuonesha mkarafuu wa "enzi za Sayyid Said", kumbuka kuwa baada ya sultani huyo ilikuja tufani ya Aprili 1872 iliyoing'oa mikarafuu ya Unguja kwa wingi na kuiacha ya Pemba na nafuu.

Penye mgogoro ni mashamba. Andika kuwa ardhi iligawiwa, na lini. Usiandike shamba la nani alipewa nani. Karatasi yako itakuja kuoneshwa mahakamani na watu usiowajua. Nasaba nazo ziache kwa wenyewe, na mzimu usiutaje ulipo bila ya idhini ya mvyale, mlezi wake wa kimila.

Ukimaliza, isome kwa sauti barazani baada ya laasiri, kabla hujaipeleka popote. Wakibishana kuhusu jina la mtaa, andika majina yote mawili na uoneshe upande gani unasema lipi. Juu kabisa weka tarehe uliyopima visima.