Jinsi ya kujua valvu ya redio ya zamani ilitengenezwa wapi na mwaka gani

Juzi nilikaa na kijana wa jirani, babu yake kamwachia redio ya mbao na boksi la valvu, zile taa za kioo za kabla ya transista, hajui aanzie wapi. Nilichomwonyesha ndo hiki. Nitaongelea za kampuni za Philips na Mullard maana ndizo ninazokusanya.

Hatua ya 1. Chomoa plagi, acha redio ikae, ndo ufungue. Nyaya za ndani usiguse kabisa, kapasita, vile vifaa vinavyotunza umeme, zinaweza kuwa bado na volti mia kadhaa. Valvu ivute wima.

Hatua ya 2. Tazama lile doa linalong'aa ndani ya kioo. Likiwa jeupe kama maziwa basi hewa imeingia, imekufa hiyo, ila usiitupe, historia yake bado ipo.

Hatua ya 3. Soma jina. ECC83: E ni volti 6.3 za kupasha, C mbili ni trayodi mbili (trayodi ni valvu ya sehemu tatu) kwenye kioo kimoja, 8 ni pini tisa. Wamarekani hiyohiyo wanaiita 12AX7.

Hatua ya 4. Hapa tulia. Usiifute valvu! Maandishi ya nje yanatoka kirahisi mno, mimi nilishapitisha kitambaa kibichi kwenye Mullard moja ikabaki kioo kitupu, hadi leo inaniuma. Tumia brashi kavu laini. Na hayo maandishi makubwa usiyaamini peke yake, viwanda viliuziana valvu na kila mmoja akapiga jina lake, ukweli uko chini karibu na pini, msimbo mdogo wa kijivu uliochorwa kwenye kioo chenyewe. Zima taa ya chumba, mulika kwa ubavuni, zungusha polepole, isipoonekana ihemee kwa mdomo, ukungu ukianza kukauka herufi zinajitokeza sekunde chache tu. Tochi ya simu siipendi, inatawanya mwanga, tafuta kitochi chembamba.

Tuseme umesoma I61, chini yake B6D3. I6 ni aina, yaani ECC83, na 1 ni toleo lake. B ni kiwanda cha Blackburn, Uingereza (ukikuta pembetatu ni Heerlen, Uholanzi), 6 ni mwaka, D mwezi wa nne, 3 wiki ya tatu. Sasa 6 ni 1956 au 1966? Msimbo hausemi. Hapo nilipoteza jioni tatu, na daftarini nilishaandika 1956, kumbe jibu liko ndani ya kioo: ECC83 za Mullard za mwanzo zina sahani ndefu (vile vibati vya chuma katikati ya kioo), kama milimita 17, za baadaye ni fupi, kama 14. Yangu ilikuwa fupi, kwa hiyo 1966.

Hatua ya 5. Andika palepale imetoka redio gani, nyumba ya nani. Kijana kaandika ya kwanza: EL84, Blackburn, redio ya babu, Tanga, alikuwa anasikilizia taarifa ya habari jioni.