Kabla hujalipia sahihi ya Idi Amin

Mimi huanza na cheo, sahihi baadaye. Amin alitwaa madaraka Januari 1971, akawa Field Marshal mwaka 1975, na Aprili 1979 akaikimbia Kampala. Ukiletewa barua ya 1972 iliyoandikwa "Field Marshal" chini ya sahihi, mrudishie mwenyewe na umtakie siku njema.

Cheo kikikubaliana na tarehe, geuza karatasi upitishe kidole nyuma ya sahihi. Kalamu iliyokandamizwa huacha mfereji; mhuri wa mpira na printa haviachi. Kwa kioo cha kukuzia, sahihi iliyotoka kwenye printa ni vitone vitupu.

Taa ya zambarau, ileile ya kukagulia noti bandia, haimalizi kazi hapa: karatasi za miaka ya 1970 nazo zinaweza kung'aa buluu. Ina nguvu kwa vitu vya zamani zaidi. Shajara bandia za Hitler zilizochapishwa na Stern, jarida la Ujerumani, mwaka 1983 ziliumbuka hivyo, maana karatasi ilikuwa na dawa ya weupe, ile inayong'aa chini ya taa hiyo, iliyokuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Muulize muuzaji aliipata kwa nani. Mimi napenda barua iliyo na bahasha yake na mhuri wa posta. Amri za kukamata watu sinunui hata kwa bei ya bure. Mahali pake ni hifadhi ya nyaraka za taifa, kuna familia bado zinatafuta ndugu zao.

Usiipige laminesheni wala selotepu. Maelezo andika kwa penseli, kwenye jalada.