Vifaranga vya kambale: usikimbilie chakula cha unga

Wafugaji wenzangu wa Masasi na Newala, kambale wakishaanguliwa msiwape kitu kabisa siku 2 au 3 za mwanzo, wana kile kifuko cha kiini tumboni ndo chakula chao, na utumbo wenyewe bado ni kamrija tu. Newala huko juu kuna baridi kifuko kinachelewa kuisha, so usihesabu siku, angalia samaki.

Kikiisha wanaanza kuzunguka wakitafuta, hapo ndo lisha. Ila mfuko wa tumbo bado haujaanza kazi! Unga mkavu hawaumeng'enyi vizuri, mi nilipoteza beseni zima kwa hilo na iliniuma sana. Wape atemia (vijidudu vidogo vya maji ya chumvi, mayai yake unatotoa mwenyewe) waliototolewa muda huohuo, au vijidudu vya maji ya kijani toka bwawani, chuja kwa chandarua kwanza maana mabuu ya kereng'ende yanawala vifaranga. Kidogo kidogo, mara nyingi. Chota wachache kwenye glasi uangalie kwenye mwanga, aliyeshiba atemia utaona katumbo kana rangi ya chungwa.

Wakishakula hivyo siku 4 au 5 hivi mfuko unaanza kufanya kazi, changanya unga laini taratibu huku unapunguza vijidudu. Mabaki yanyonye kwa mpira kila siku, na wanaowazidi wenzao watenge, watawameza.