Kupanga msimu wa kombe la mtoano: anza na fainali, rudi nyuma

Kila mechi ya mtoano inatoa timu moja, na mwisho wa msimu inabaki moja tu. Kwa hiyo timu 86 zinahitaji mechi 85, upange utakavyopanga. Ijue idadi hiyo kabla hujagusa kalenda, maana ndiyo inayoamua waamuzi, viwanja na nauli.

Kinachosumbua ni hizo 86 zenyewe. Mtoano unakwenda sawa kwa timu 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128 na kuendelea hivyo kwa kuzidisha mara mbili, basi. Mpangaji mgeni huzigawa timu mbilimbili, na inayobaki peke yake huivusha bila kucheza. Fuatilia uone: 86 zinakuwa 43, 43 zinakuwa 22, moja ikiwa imepita bure, kisha 11, kisha 6, tena moja imepita bure, kisha 3. Nusu fainali ya timu tatu! Moja itaingia fainali bila kugusa mpira.

Dawa ni kumaliza kupita bure kote mwanzoni kabisa. Kati ya namba zinazokwenda sawa, iliyo karibu chini ya 86 ni 64. Toa 64 kwenye 86, unapata 22. Hizo ndizo mechi za awali: timu 44 zinacheza, 42 zinasubiri. Washindi 22 wakijumlishwa na 42 unapata 64, na kuanzia hapo kila timu inacheza kila raundi.

Kwa kombe la taifa zima, wanaosubiri wapangwe kwa daraja. Tuseme 16 ni za ligi kuu, 16 za daraja linalofuata, na 54 za chini. Hizo 54 zinacheza mechi 22 huku 10 zikisubiri kwa kura, zinabaki 32, kisha 16. Hapo wanaingia wale 16 wa daraja la pili, zinachujwa zibaki 16, ndipo ligi kuu inaingia na kufanya 32 bora. Jumla bado ni mechi 85, ila raundi ni 8 badala ya 7. Kombe la FA la Uingereza linafuata njia hiyohiyo: timu 44 za madaraja mawili ya juu huingia raundi ya tatu na kukutana na washindi 20 kutoka chini, jumla 64.

Sasa kalenda. Weka tarehe ya fainali kwanza, kisha rudi nyuma raundi kwa raundi ukikwepa wiki za timu ya taifa, na kila raundi uiachie siku moja ya akiba kwa mechi iliyoahirishwa. Fainali iishe kabla ya siku ya mwisho ya kusajili timu za mashindano ya bara, kama bingwa anapata nafasi huko. Na kanuni iseme mapema: bingwa wa kombe akiwa pia bingwa wa ligi, nafasi inakwenda kwa nani? Swali hilo likisubiri hadi matokeo yajulikane, jibu lolote litaonekana la upendeleo.

Kwenye droo, orodha ya namba za timu itangazwe kabla mipira haijaingia kapuni, na mipira ihesabiwe mbele ya mashahidi. Mpira wa kwanza kutoka ni wa mwenyeji. Kama mnataka timu ndogo iwe mwenyeji kila ikutanapo na kubwa (sisi tunaliunga mkono hilo, maana ndiyo siku mji mdogo unapoiona timu kubwa kwa macho), liandikwe kabla ya droo.

Uwanja usio na taa uangaliwe kwa makini. Dakika 90, mapumziko 15, muda wa kufidia, dakika 30 za nyongeza na penalti vinakaribia saa tatu. Mechi ianze angalau saa tatu kabla ya jua kuzama, la sivyo mpigaji wa tano atapiga gizani.

Penalti zenyewe huzaa rufaa nyingi, hasa kwa sababu ya orodha ya wapigaji. Wanaopiga ni waliokuwa mchezoni dakika 120 zilipoisha. Aliyetolewa kwa mabadiliko hana nafasi. Timu moja ikiwa na wachezaji 10 kwa kadi nyekundu, wenzao 11 wanapunguza mmoja. Baada ya tano-tano, wanaendelea mmojammoja, na hakuna anayerudia kabla wote hawajapiga, kipa akiwemo. Mwamuzi aandike namba ya jezi ya kila mpigaji papo hapo.

Kadi za njano zifutwe baada ya robo fainali, kama inavyofanyika kwenye Kombe la Dunia, ili mchezaji asikose fainali kwa njano mbili za raundi tofauti. Nyekundu haifutwi. Na mchezaji aliyekwisha kuichezea klabu moja kwenye kombe, akihama katikati ya msimu, je, anaruhusiwa kuichezea mpya? Wengi hukataza. Mkikataza, kagueni fomu za raundi zilizopita kabla ya mechi, wala msisubiri wapinzani waliofungwa waje nazo mkononi.