Hedifoni za dramu zikinyamaza upande mmoja

Wapiga dramu wenzangu wa Kisumu, tafadhali msizitupe. Mara nyingi spika ni nzima, kilichokatika ni waya, karibu na pini au unapoingia kwenye kikombe cha sikio, kwa sababu tunauvuta kila tukigeukia simbali. Weka wimbo, kisha ukunje waya polepole, kipande kwa kipande. Sauti ikirudi ikikwaruza, umepapata. Kata hapo, umpelekee fundi wa redio soko la Kibuye akuchomelee pini mpya, au auchomelee waya upya ndani ya kikombe kama ndiko ulikokatika. Mkumbushe aondoe kwanza vanishi kwenye zile nyuzi nyembamba za rangi zilizo ndani ya waya. Isipotoka, risasi ya kuchomelea haishiki, na wiki ijayo utarudi kwake.

Pedi zilizochanika zibadilishe mapema. Kelele ikipenya utaongeza sauti, na dramu peke yake hupita desibeli 100 kwa urahisi, ilhali kiwango kinachoshauriwa kwa saa 8 ni 85. Masikio hayana spea, jamani.

Spika ikiwa imekufa kweli, nunua vile vikinga masikio vya wafanyakazi wa viwandani, uvivae juu ya iafoni ndogo za simu. Kwa mazoezi vinatosha kabisa.