Kupima maisha ya seli za lithiamu kwa saa za setilaiti: ninavyofanya hapa Makole, Dodoma

Setilaiti inayopita karibu na dunia huizunguka kwa dakika 90 hivi. Kama dakika 55 iko juani ikichaji, 35 iko kwenye kivuli cha dunia ikila betri. Piga hesabu: mara 16 kwa siku, zaidi ya mara 5,800 kwa mwaka. Ndiyo maana watu wa vyombo vya anga hawatosheki na karatasi ya kiwandani. Wanaichaji seli mezani na kuitoa chaji, tena na tena, hadi ichoke. Mimi ni fundi wa sola, na njia yao nimeifanya yangu.

Hatua ya 1: Seli. Tafuta tano mpya za aina moja, zile za 18650 (kipenyo milimita 18, urefu 65). Ukipima moja ikafa, hutajua kama aina yote ni mbovu au ni hiyo tu. Yenye harufu kama ya rangi ya kucha, iache dukani.

Hatua ya 2: Uwezo wa mwanzo. Chaji hadi volti 4.2, ipumzishe saa moja, kisha itoe chaji polepole hadi volti 3.0. Seli ya mAh 2,500 (miliampea-saa, kipimo cha chaji inayobebwa na seli) itoe kwa mA 500 (miliampea, yaani nusu ampea). Ikiwa nzima itakwenda kama saa tano. Andika namba kwenye seli yenyewe kwa maka peni. Daftari hupotea.

Hatua ya 3: Mzunguko. Kila kivuli, yaani zamu ya kutoa chaji, chota asilimia 30 tu ya uwezo, yaani mAh 750. Kwa dakika 35 hiyo ni karibu ampea 1.3. Kisha chaji dakika 55 kwa ampea 1, ukomo volti 4.1 badala ya 4.2. Kuchota kidogo ndiko kunakorefusha maisha: betri za darubini ya Hubble, za nikeli na haidrojeni, zilirushwa nayo 1990 zikabadilishwa 2009, na kila mzunguko zilikuwa zikichotwa sehemu ndogo tu.

Hatua ya 4: Rilei, swichi inayoendeshwa kwa umeme, ndiyo inayounga na kuachia mzigo, yaani kifaa kinachokula chaji ya seli. Hapa niliunguza pesa. Mzigo niliufunga kwenye mguu wa rilei ambao umeme ukizima ndio unaoshika. Umeme ukakatika usiku, mzigo ukaendelea kunyonya, asubuhi multimita inasoma volti 0.8. Seli ya hivyo usiichaji tena. Ikikaa chini ya volti 1, shaba ya ndani huanza kuyeyuka, na ukiichaji inaganda pasipo pake na kupiga shoti. Funga mzigo kwenye mguu unaoachia umeme ukizima, weka fyuzi kwa kila seli, na ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu.

Hatua ya 5: Vipimo. Volti ya mwisho wa kivuli ndiyo ya kuangaliwa kila siku. Yangu ilianza 3.66, kufika mzunguko wa 1,500, miezi mitatu na kidogo, ilikuwa 3.48, na muda wote huo seli ilikuwa inajaa vizuri tu. Sababu utaiona kwenye ukinzani wa ndani, yaani jinsi seli yenyewe inavyozuia umeme kupita. Soma volti kabla ya mzigo kushika na sekunde moja baadaye, gawa tofauti kwa ampea. 4.06 ikishuka hadi 3.98 kwa ampea 1.3, ni omu 0.062, yaani miliomu 62 hivi. Tofauti ikifika 0.13, ni miliomu 100. Kila mizunguko 500 rudia hatua ya 2.

Hatua ya 6: Joto. Oktoba na Novemba chumba changu mchana kinapita nyuzi 30. Mwanzoni nilifurahi, nikidhani jaribio litaisha mapema. Kuisha litaisha, ila seli itakufa kwa ugonjwa ambao kule juu isingeupata, maana setilaiti hulindiwa betri yake joto. Siku hizi naziweka juu ya sahani ya aluminiamu kwenye sakafu ya saruji, feni inapuliza, kipimajoto kimebandikwa ubavuni mwa seli. Nikivuka nyuzi 25 nasimamisha.

Hatua ya 7: Kuacha. Uwezo ukishuka chini ya asilimia 80 ya ule wa hatua ya 2, au kivuli kikiisha na volti 3.0, toa seli. Andika mzunguko iliokomea, ziba ncha zote mbili kwa tepu ya umeme, iweke kwenye kopo la mchanga. Ya mAh 1,900 bado inawasha taa ya sola nyumbani, na zangu mbili ziko Bahi sasa hivi zinafanya kazi hiyo.