Somo: Uhariri wa mwendelezo katika filamu fupi ya wanafunzi, na mstari nilioruka ukanigharimu wiki 3

Ndugu wanachama, mwezi huu nimeulizwa swali moja mara nyingi mno, kwa maneno yanayotofautiana kidogo tu: ni programu gani ya kuhariri itakayofanya filamu yangu isionekane inarukaruka? Naandika jibu langu lote hapa ili atakayeuliza tena nimwelekeze kwenye somo hili. Programu ya namna hiyo haipo, kwa sababu mwendelezo hutengenezwa siku ya kupiga picha, na mhariri anachofanya ni kuunganisha vipande ambavyo tayari vilipigwa kwa namna inayounganika.

Uhariri wa mwendelezo ni ule unaomwezesha mtazamaji kuona tukio moja lisilokatika, ijapokuwa limepigwa vipande vipande, kwa saa tofauti, na mara nyingi kinyume na mpangilio wa hadithi. Mfano nitakaoutumia ni filamu yetu ya mwaka wa pili, yenye urefu wa dakika 4 na tukio moja. Kijana anaingia chumbani kwa dada yake mshonaji, anaketi upande wa pili wa meza, anamiminiwa chai, kisha anakiri kwamba fedha alizopewa azipeleke kwa muuza cherehani amekwisha kuzitumia.

Hatua ya kwanza: chora ramani ya chumba kwenye karatasi, na uonyeshe meza, mlango, dirisha na mahali pa kila mwigizaji.

Hatua ya pili: piga picha pana ya tukio zima, tangu mwanzo hadi mwisho, kabla ya kusogea karibu na uso wa mtu yeyote.

Hatua ya tatu ni mstari wa nyuzi 180, na hapa naomba usomaji wa makini. Watu wawili wanapotazamana, chukulia kwamba kuna kamba iliyofungwa kutoka kwenye pua ya mmoja hadi kwenye pua ya mwenzake. Ukichagua upande mmoja wa kamba hiyo, kamera ibaki upande huohuo kwa tukio zima, iwe mbali au karibu, juu au chini. Ukifanya hivyo, dada atakuwa anatazama kulia kwa skrini na mdogo wake kushoto, na mtazamaji ataamini kwamba wanatazamana hata kama hawamo kamwe katika picha moja.

Sisi tulipiga picha za dada asubuhi, kamera ikiwa upande wa mlango. Tuliporudi kutoka kula mchana, jua lilikuwa limeingia kwa dirishani na kuuangaza uso wa kijana vizuri sana, lakini ili kuupata mwanga huo ilibidi stendi ya kamera ihamishiwe upande wa pili wa meza. Tuliihamisha. Mimi ndiye niliyekuwa mwongozaji, na nakumbuka niliisifu picha ile mbele ya wenzangu wote. Hatari ya kosa hili ni kwamba haionekani unapotazama ndani ya kamera, maana kila picha ikisimama peke yake ni nzuri. Siku tatu baadaye, nilipoziweka picha zile sambamba kwenye kompyuta, wote wawili walikuwa wanatazama kulia, kama abiria wa daladala walioketi kiti kimoja wakimtazama dereva. Ungamo la kijana, ambalo ndilo moyo wa filamu, lilionekana kuelekezwa kwa mtu wa tatu asiyekuwepo.

Kila ninayemsimulia jambo hili huniambia kwamba ningeigeuza tu ile picha kama inavyogeuzwa na kioo. Niliigeuza. Nyuma ya kijana palikuwa pametundikwa kanga, na jina lake, MGENI NJOO MWENYEJI APONE, likawa linasomeka kinyumenyume kwa herufi kubwa kabisa. Mfuko wa shati lake nao, uliokuwa kushoto kwa kifua katika picha pana, ukahamia kulia. Hapakuwa na njia nyingine isipokuwa kuwaita wote turudie kupiga, na mwigizaji alikuwa amekwisha kunyoa nywele. Tulisubiri wiki 3 ziote.

Kwa hiyo zingatieni haya. Usihamishe kamera kwa ajili ya mwanga kabla ya kutazama ramani yako, bali tumia karatasi nyeupe au ubao wa povu kuurudisha mwanga huo kutoka upande ulioko. Mhusika akisimama na kwenda mahali pengine, mstari nao huhama pamoja naye, na ramani ichorwe upya. Ikiwa ni lazima kuvuka, basi mtazamaji aone unavuka: ama kamera isogee wakati inarekodi, ama uweke katikati picha iliyopigwa juu ya mstari wenyewe, mhusika akiwa ameielekea kamera moja kwa moja. Na mwigizaji asiyeonekana katika picha asiende kupumzika. Aketi palepale pa kwake, kwa sababu macho ya mwenzake yanahitaji mtu halisi wa kuyatazama kwa kimo sahihi.

Hatua ya nne: unapokata kutoka picha moja hadi nyingine ya mtu yuleyule, kamera iwe imehama kwa nyuzi 30 au zaidi na ukubwa wa picha uwe umebadilika wazi, la sivyo mtu ataonekana ameshtuka bila sababu.

Hatua ya tano ni kukata katikati ya kitendo. Dada anamimina chai katika picha pana, na anaimimina tena, tangu mwanzo, katika picha ya karibu ya kikombe. Mkono wa kulia uliposhika chupa ya chai mara ya kwanza, uwe huohuo mara ya pili. Mkato wetu uliofanikiwa kuliko yote uko hapa: chupa inaanza kuinama katika picha pana, na kabla chai haijatoka tunakuwa tayari karibu, tunaona mvuke na uzi mwembamba wa chai ukigonga ukingo wa kikombe. Watu niliowaonyesha filamu hawakumbuki kwamba pale pana mkato. Lakini kikombe kilipigwa mara 6, na mwanafunzi mmoja alikuwa na kazi moja tu, kukirudisha kila mara kikiwa kitupu na kikavu, mshikio ukielekea dirishani. Mpeni mtu kazi hiyo na mumheshimu.

Hatua ya sita: baada ya kumaliza, wote wanyamaze mahali walipo na mrekodi ukimya wa chumba kwa sekunde 60, ili mpate sauti ya kuziba mianya baina ya mikato.

Hatua ya saba: katika kuhariri, panga kwanza tukio zima kwa picha pana peke yake, kisha ingiza picha za karibu pale tu ambapo uso unasema jambo ambalo mwili mzima hausemi. Sauti isikatwe daima pamoja na picha. Kijana anapoanza kukiri, sisi bado tunamtazama dada. Tunalisikia neno la kwanza juu ya uso wake, ndipo tunakata.

Maswali na majibu

Mwanachama, Dodoma: Asante kwa somo. Naomba kufahamishwa programu nzuri ya kuondoa mrukoruko.

Mwandishi: Tafadhali soma aya ya kwanza.

Mwanachama, Iringa (mwaka wa kwanza): Shikamoo mwalimu. Nimejaribu kukata katikati ya kitendo na kweli mkato unapotea. Ninachotaka kuelewa ni kwa nini unapotea, na kama watu wa zamani walilijua jambo hili tangu mwanzo.

Mwandishi: Marahaba, na asante kwa kujaribu kabla ya kuuliza. Jicho hufuata kinachosogea. Mkono unapokuwa njiani, akili ya mtazamaji imekwisha kutangulia kule unakoelekea, na picha mpya inapompa mkono huohuo ukiendelea na safari yake, yeye hushughulika na mkono asipate nafasi ya kushughulika na badiliko la picha. Ukikata kabla mkono haujaondoka au baada ya kutulia, hakuna kinachomvuta, na hapo huuona mkato. Kuhusu watu wa zamani, hawakulijua tangu mwanzo. Mwaka 1903 Edwin S. Porter wa Marekani alitoa filamu kuhusu mzimamoto ambamo uokoaji mmoja unaonyeshwa wote kutoka ndani ya chumba, kisha unarudiwa wote kutoka nje, kwa kuwa wazo la kuruka ndani na nje wakati kitendo kinaendelea lilikuwa bado halijawa kawaida. Jaribu zoezi hili: piga mtu akifungua mlango kutoka ndani na kutoka nje, kisha uhariri mara mbili, kwa njia ya Porter na kwa njia ya kukata katikati. Utajifunza mengi kuliko niliyoyaandika hapa. Ukimaliza, nitafurahi kuitazama kazi yako.

Mwanachama, Nairobi: Mimi naona sheria hii ya mstari inawafunga wanafunzi bure. Waongozaji wakubwa huuvuka kila siku.

Mwandishi: Sijasema popote kwamba haivukwi, na nimeandika namna ya kuvuka. Yasujiro Ozu wa Japani aliuvuka mara kwa mara, lakini aliwapanga wahusika wake kwa makini mno, hata mmoja akikaa katika fremu mahali palepale alipokuwa mwenzake katika picha iliyotangulia. Huo ulikuwa uamuzi wake. Sisi tulivuka kwa kutojua, na mtazamaji huzitambua hali hizi mbili hata kama hawezi kuzitaja kwa jina.

Mwanachama, Mwanza: Samahani kwa kutoka kidogo nje ya somo. Picha zetu za ndani zinapepesa chini ya taa za mirija, na zile za nje ziko sawa. Je, kamera ni mbovu?

Mwandishi: Kamera ni nzima, na swali haliko nje ya somo, kwa sababu mpepeso hubadilika kati ya kipande na kipande na kuharibu mwendelezo. Umeme wetu huenda kwa hezi 50, kwa hiyo taa za namna hiyo hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Piga kwa fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu, ya 1/50 ya sekunde, na mpepeso utatulia. Kwenye simu, tafuta programu ya kamera inayokuruhusu kuyaweka haya mwenyewe.

Mwanachama, Tanga: Naongezea kuhusu sauti. Zimeni friji na feni kabla ya kurekodi, kwa sababu muungurumo wa friji huwaka na kuzimika wenyewe na husikika unakatika penye kila mkato. Mweke funguo za nyumba ndani ya friji, ili msiweze kuondoka bila kukumbuka kuiwasha tena.

Mwandishi: Nashukuru sana kwa hili, kaka. Nami naongeza adhana. Chumba chetu kilikuwa karibu na msikiti, na tulijifunza kusubiri ikamilike, kwa sababu adhana iliyokatwa katikati ya neno haifichiki kwa namna yoyote, na pia si adabu kuikata.

Mwanachama, Morogoro: Nimepiga mazungumzo yote bila picha pana na nahisi nimevuka mstari. Kazi inakusanywa kesho. Nifanyeje?

Mwandishi: Ramani ya chumba ulichora?

Mwanachama, Morogoro: Hapana, muda haukutosha.

Mwandishi: Hugharimu dakika 5. Kwa leo, rudi chumbani kabla jua halijazama na upige vitu visivyo na kulia wala kushoto: mikono juu ya meza ukiwa umesimama juu yake, kikombe, uso ulioielekea kamera moja kwa moja. Weka kimojawapo kila mahali ambapo pande zinagongana, na uiache sauti ya mazungumzo iendelee chini yake bila kukatika. Waigizaji wavae nguo zilezile.